Nyusi za Wassili

Foleni ya mizigo katika uwanja wa ndege wa Anchorage ilikuwa imefika mlangoni. Karibu kila mtu alikuwa na boksi la kupeleka kijijini kwao, lenye unga, kahawa, nepi au machungwa. Darla alitumwa na kliniki ya meno anakofanya kazi kuchukua kifurushi. Alivaa koti jekundu na viatu vyeupe visivyofaa theluji hata kidogo.

"Samahani, wewe ndiye wa mwisho?"

Kijana aliyekuwa mbele yake, mrefu, koti lake la kazi lina madoa ya oili, aligeuka, akainua nyusi, akageukia mbele tena.

"Nimekuuliza, wewe ndiye wa mwisho?"

Nyusi zikapanda tena.

"Kaka, una ulimi?"

"Nimeshakujibu mara mbili, bibie. Ya tatu nitakutoza." Alikuwa anacheka. "Kwetu nyusi zikipanda ni ndiyo, pua ikikunjwa ni hapana. Na sura yako ya kwetu kabisa. Kwani hukufundishwa?"

Masikio ya Darla yaliwaka moto. Mama yake alitoka kijijini akiwa msichana, akafa mjini kabla Darla hajaanza shule. Wazungu waliomlea walikuwa watu wema. Walimfundisha piano. Kiyupik, lugha ya mama yake, hajui, ndugu hana, jina la kwao hana.

"Hakuwepo wa kunifundisha," alisema.

Kijana aliacha kucheka. "Hapo nimekosea. Naitwa Wassili. Nikununulie kahawa iwe faini?"

Darla aliinua nyusi.

Yalianza hapo. Wassili alikuwa fundi wa injini kwenye karakana karibu na uwanja huo, na majira yote ya baridi alimpigia simu Darla angali kazini.

"Umekula, mpenzi?"

"Nimekula. Wewe umenikumbuka?"

Kimya.

"Wassili? Nimeuliza, umenikumbuka?"

"Nimeinua nyusi."

"Simu haina macho, mjinga wewe!"

"Basi nimekukumbuka mpaka nimefunga bolti kinyume. Bosi kanitukana."

Theluji ilipoanza kuyeyuka, Wassili alimwambia kuhusu kambi. Kila kiangazi watu wa Cuarvik, kijijini kwao, walipiga mahema kando ya mto wakawafundisha vijana wa mjini kukata samaki, kushona na kusema Kiyupik. Mama yake, Olinka, alikuwa mmoja wa walimu.

"Niende kwa mama yako nikiwa nani?" Darla aliuliza.

"Mwanafunzi. Nikikupeleka kama mchumba atakukagua kama injini ya mtumba. Akupende kwanza wewe mwenyewe. Nitakuja kambi ikiisha, tumwambie pamoja."

"Kuna jingine la kujua kuhusu kwenu?"

Wassili alijifuta oili mikononi. "Mbu," alisema. "Mbu ni wengi sana."

Mwanamume akikuficha kwa mama yake, muulize mara ya pili. Darla hakuuliza.

Cuarvik kulikuwa na upepo, matope, na jua lisilotaka kuzama. Misalaba ya makaburini ilikuwa imeinama kuelekea mtoni, kwa sababu ukingo ulikuwa ukimeguka kila mwaka. Samaki walikuwa haba na uvuvi uliruhusiwa siku chache tu, hivyo wanafunzi walipanga foleni kusubiri samaki wa kujifunzia. Mama Olinka alikuwa mwembamba, kitambaa cheusi kichwani, maneno machache. Alielekeza kwa kidole tu. Kisu chenyewe hakukishika.

"Tangu mwaka jana hajakata samaki," Nastasia, mpishi wa kambi, alimnong'oneza Darla huku akigeuza mikate kwenye mafuta. "Wala hacheki, wala hali vizuri. Wewe kata tu, usimuulize."

Darla alikata vibaya. Siku moja alimharibu samaki mzima, akaketi kwenye matope akalia kwa hasira, ute umemjaa mpaka kwenye nywele. Mama Olinka alimtazama kwa muda mrefu. Kisha akaingia hemani, akatoka na kisu cha duara chenye mpini wa pembe, akachuchumaa nyuma ya Darla, akaushika mkono wake.

"Usimlazimishe," alisema. "Ufuate mfupa. Mfupa ndio unaokuonyesha njia. Hivyo. Umeona? Na ukikosea unalia, ukilia pua inakuwa nyekundu. Yule naye alikuwa hivyohivyo."

"Yule nani, mama?"

Mama Olinka alikifuta kisu, akainuka. Lakini jioni alikula. Kesho yake akavuta samaki, akakata mwenyewe, na Nastasia akaangusha mwiko.

Jumapili, watu wote wakiwa wameketi kuzunguka sahani za matunda yaliyochanganywa na mafuta na sukari, Mama Olinka alisimama na kikombe cha maji. Alimnyunyizia Darla matone kichwani, akamwambia, "Wewe ni Atsaq." Wazee wakaitikia. Wengine walilia. Darla alilia kuliko wote, maana tangu azaliwe hakuna aliyewahi kumpa kitu kama kile. Mama Olinka alimvika vazi la kitambaa cha maua, lenye kofia na mfuko mkubwa mbele. Lilimkaa kana kwamba alipimwa.

Darla alipanda mbio kilimani, mahali pekee ambapo simu ilishika.

"Mpenzi! Nimepewa jina! Mama yako amenipa mwenyewe!"

"Jina!" Wassili alicheka kwa furaha. "Lipi?"

"Atsaq."

Kimya.

"Wassili? Umeinua nyusi?"

Simu ilikatika. Alipiga tena, haikupokelewa. Hata kesho yake haikupokelewa. Aliandika ujumbe: Nimekosa nini? Akaandika mwingine: Una mwanamke mwingine, sema tu. Mwisho akaandika matusi, akayafuta, akayaandika upya, akayatuma.

Wassili alikuja kwa ndege ndogo kambi ilipokuwa inavunjwa. Alikuwa amekonda. Mama Olinka alimkimbilia, akamshika mkono, akamvuta mpaka alipokuwa Darla.

"Umeona?" alisema, na uso wake wote ulikuwa unacheka. "Amerudi. Msalimie mdogo wako."

Wassili alimwangalia Darla ndani ya lile vazi la maua, akarudi nyuma hatua moja.

Walikutana nyuma ya banda la kukaushia samaki. Darla alimpiga ngumi ya kifua.

"Ni nani Atsaq?"

"Mdogo wangu. Barafu ya mto ilimmeza mwaka jana majira ya kuchipua, na mwili haukupatikana. Mama alikwenda ukingoni kila siku. Hata jina lake hakutaka tulitaje."

"Na mimi ulinificha hilo? Mbu, Wassili! Uliniambia mbu!"

"Sikuweza kulisema. Nikilisema linakuwa kweli." Aliufuta uso kwa kiganja. "Kwetu mtu akipewa jina la aliyekufa, aliyekufa amerudi. Mama hachezi. Kwake wewe ni mtoto wake, na mimi ni kaka yako."

"Kuna sheria ya kutukataza?"

"Sheria hakuna. Watu wangesema sema, halafu wangezoea." Aliangalia mtoni. "Ila nani atamwambia mama? Alimpoteza Atsaq bila hata mwili wa kuzika. Nimchukue tena, mara ya pili, nimfanye mke wangu?"

"Tumwambie sisi wawili. Ndivyo tulivyopanga."

"Twende."

Walikwenda. Mama Olinka alikuwa ameketi hemani, akifunga samaki wakavu kwenye gazeti, akiimba kwa sauti ndogo. Nastasia alikuwa pembeni akimkatia kamba.

"Hawa ni wako, Atsaq," Mama Olinka alisema bila kuinua kichwa. "Usiwape watu wa mjini, hawajui kutafuna. Na kisu nimekufungia. Ulikiacha wewe mwenyewe juu ya meza asubuhi ile, unakumbuka? Nilikukaripia kwa sababu hukukiosha. Halafu ukaenda mtoni." Mikono yake ilisimama. "Nilikukaripia sana. Samahani, mwanangu."

Wassili alivuta pumzi aseme. Darla alimkamata kifundo cha mkono, akakibana mpaka kucha zikaingia.

"Sijakasirika, mama," alisema. "Yamekwisha."

Mama Olinka alifunika uso kwa gazeti akalia, na kilio hicho kilikuwa kimesubiri mwaka mzima.

Kiwanja cha ndege cha Cuarvik ni kipande cha changarawe tu. Rubani alikuwa anapakia mizigo. Wassili alikuwa anabaki. Mama alihitaji mtu wa kuhamisha nyumba kutoka ukingoni. Alimbebea Darla boksi la samaki, akaliweka chini, akasimama.

"Niulize sasa, hapa si kwenye simu," alisema kwa sauti ya chini.

"Unanipenda?"

Nyusi zake zilipanda. Zikabaki juu, muda mrefu, macho yamejaa maji, wala hakuzishusha mpaka rubani alipoita.

Darla aligeuka, akamkuta Mama Olinka amesimama karibu nao, amewaona. Mwanamke aliyezaliwa pale hawezi kuikosea lugha hiyo. Alimwangalia mwanawe. Alimwangalia Darla, kuanzia vile viatu vyeupe mpaka machoni, na furaha ikaondoka usoni mwake polepole, kama mtu anayehesabu alichonacho na kuona hakimtoshi kugawa.

Kisha akasogea. Akamvuta Darla kofia ya lile vazi la maua juu ya kichwa, akamfunga kamba chini ya kidevu, akaikaza.

"Upepo ni mkali," alisema. "Ukifika salama mjini, Atsaq, usitutie wasiwasi. Mpigie simu kaka yako."