Wifi, Inaniwasha

Nyumba yetu ina chumba cha mbele kinachotazama barabara. Chumba hicho tulimpa binti yangu, msusi, akakifanya saluni. Kulikuwa na kioo kirefu, viti viwili vya kuzunguka, drai ya kukaushia nywele iliyonguruma kama mashine ya kusaga, na sinki la kuoshea nywele. Sinki hilo lilifungwa na kaka yake, fundi bomba. Mimi kazi yangu ilikuwa taulo. Nafua, naanika, nakunja, narudisha.

Wateja walimwita Malkia. Jina hilo alilipenda na, kusema haki, alilipata kwa kazi yake. Mikono yake ilikuwa myepesi. Mtu aliingia amejifunika kitambaa kwa aibu, akatoka anatembea polepole ili aonekane. Watu walipita saluni nyingine njiani, wakaja kusubiri kwenye benchi letu.

Lakini sifa zilimpanda kichwani. Kwanza aliacha kumuuliza mteja anataka nini. "Wewe kaa tu. Mimi ndiye ninayekiona kichwa chako, wewe hukioni." Kisha akaacha kutazama saa anapoweka dawa ya kunyoosha nywele. Kopo la dawa limeandikwa muda wa kukaa nayo. Yeye alisema, "Kopo limesomea wapi?" Benchi zima linacheka.

Ng'ambo ya barabara alikuwepo msusi mwingine, mama mtu mzima. Huyo hagusi kichwa cha mtu kabla hajauliza. Umefumua lini? Una kidonda? Dawa iliwahi kukudhuru? Binti yangu akampachika jina, Mama Maswali. "Mkienda kwake," aliwaambia wateja, "bebeni cheti cha kuzaliwa. Na cha bibi zenu."

Jumamosi moja akaja mkwe wangu, mke wa mwanangu fundi bomba. Yeye na Malkia ni mawifi, na walitaniana kama mawifi wanavyotaniana. Siku hiyo alikuwa na furaha. Alikuwa ametafuta kazi mpaka viatu vimekwisha soli, na sasa ameipata. Kazi ya mapokezi, katika ofisi kubwa. Angeanza Jumatatu.

"Wifi, nataka wanione mimi kabla hawajaiona meza."

"Watakuona wewe, meza wataisahau. Kaa nikuwekee dawa."

"Lakini nimefumua asubuhi hii hii. Kichwa kiliniwasha, nimejikuna mno. Hapa nyuma nahisi nimejichubua. Si unisuke tu?"

"Nani msusi hapa?"

"Wewe."

"Basi nipe kichwa. Maneno mpelekee Mama Maswali."

Akavaa glavu, akafungua kopo, akapaka. Hakutenganisha nywele za nyuma kutazama ngozi. Hakupaka mafuta ya mgando kukinga ngozi kwanza. Aliniambia siku moja kwamba hayo ni mambo ya wanafunzi.

Kabla hajamaliza vizuri akaingia mteja mwenye haraka. Malkia akamwacha wifi yake kwenye kiti, akaanza kichwa kingine.

"Wifi, inaniwasha."

"Ndiyo inafanya kazi hiyo."

Dakika zikapita.

"Wifi, sasa inaniunguza. Sikutanii."

"Kumbe una kichwa cha mtoto mchanga! Jamani, kaka yangu kaoa yai!"

Benchi likavunjika mbavu. Mkwe wangu akacheka nao, maana ni aibu kulia mbele za watu. Akacheka huku machozi yanamtoka. Vidole vyake vilikuwa vimeng'ang'ania kiti mpaka vimepauka.

Nikaweka taulo chini. "Mwanangu, mwoshe mwenzio."

"Mama, jikoni ni kwako. Hapa ni kwangu." Hakugeuka hata kunitazama. "Nikiosha sasa zitabaki na mawimbi. Jumatatu ofisi nzima iulize katengenezwa nywele wapi. Waseme Malkia kashindwa na kichwa cha wifi yake?"

Mkwe wangu hakungoja tena. Aliinuka mwenyewe akakimbilia sinki, dawa ikimtiririka shingoni. Hapo ndipo Malkia alipokuja. Alimwosha haraka haraka. Nilimwona ameiona ngozi ya nyuma ilivyokuwa nyekundu. Alipaka mafuta ya nywele juu yake, akakausha, akachana.

"Haya, jitazame."

Nywele zilikuwa nzuri. Siwezi kusema uongo. Zilianguka mabegani, laini, zikang'aa. Mkwe wangu alijitazama, akajaribu kutabasamu, akaondoka ameshika kisogo.

Asubuhi ya Jumapili mwanangu alinipigia simu.

"Mama, njoo. Kichwa chake kimegandana na mto."

Nilimkuta amelala kifudifudi. Kisogo chote kilikuwa malengelenge, na mengine yamepasuka yanatoa maji. Tulilowanisha foronya mpaka ikaachia. Kelele aliyotoa bado naisikia. Tukampeleka hospitali. Muuguzi wa ngozi alimsafisha taratibu, akauliza swali moja tu.

"Alipohisi kuungua, alioshwa?"

Nilitazama sakafu. Muuguzi akatikisa kichwa, akaendelea na kazi.

Jumatatu ile meza ya mapokezi haikumwona. Mwanangu aliwapigia simu, wakasema poleni, tutamsubiri. Wakasubiri kidogo. Kisha wakaweka mtu mwingine.

Nywele za nyuma zikaanza kutoka. Hazikutoka moja moja. Zilitoka na ngozi, vipande vipande, zikabaki kwenye kitambaa.

Nilidhani binti yangu atakwenda kumwona. Hakwenda. Leo ana wateja, kesho anaumwa mgongo. Watu walipomuuliza alijibu haraka, "Wengine wana ngozi mbovu, wanaficha. Ikiharibika, lawama kwa msusi."

Maneno hayo yalimfikia kaka yake. Akaja. Hakuingia. Alisimama mlangoni na mfuko wake wa spana begani.

"Umesema mke wangu ana ngozi mbovu?"

"Kaka, unajua watu wanavyoongeza chumvi..."

"Umesema au hukusema?"

Malkia alitazama kioo badala ya kumtazama kaka yake. "Mimi nimeweka dawa vichwa vingi kuliko nyumba za mtaa huu. Hakuna aliyewahi kuungua."

"Kuanzia leo sina dada," alisema mwanangu. Akaondoka. Hakuniaga hata mimi.

Benchi nalo likaanza kupungua. Wale wale waliocheka siku ile ndio waliokwenda kuisimulia mtaani. Mteja mmoja alikuja akachungulia, akasema anarudi, hakurudi. Taulo zikakaa safi kabatini. Binti yangu aliketi kwenye kiti chake cha kuzunguka, anazunguka kidogo huku, kidogo kule, drai imezimwa. Nikimletea chakula kinapoa. Nilikuwa na watoto wawili. Sasa mmoja haji, na mwingine hasemi.

Nilikwenda kwa mwanangu kila nilipoweza, kumsaidia mkwe wangu kuoga na kufunga kitambaa. Vidonda vilikauka hatimaye. Siku tuliyorudi kwa muuguzi, aligusa kisogo cha mkwe wangu. Kisha akavuta kiti, akaketi mbele yake.

"Mama, nitakwambia ukweli. Pale palipobaki laini panapong'aa, ni kovu. Mashina ya nywele yamekufa. Pembeni zitaota. Hapo katikati sitegemei ziote tena."

Mkwe wangu hakulia. Alisema, "Asante, dada," kama mtu aliyepewa maji.

Nilirudi nyumbani nikamweleza Malkia.

"Zitaota," alisema. "Nywele ni nywele. Nina mafuta mazuri ya kuotesha."

"Basi twende ukamwambie wewe. Kwa mdomo wako."

Nadhani alikubali kwa sababu ya yale mafuta. Alitia chupa kwenye mkoba, akavaa vizuri, akatembea kama mtu anayekwenda kazini. Kaka yake alipomwona mlangoni alinyanyuka akatoka nje kwa mlango wa nyuma.

Mkwe wangu alikuwa ameketi kitandani. Hakusema karibu, hakusema toka.

"Wifi, nimekuletea..."

"Ngoja." Akafungua kitambaa. Akageuka akampa kisogo. "Shika."

Malkia alisimama.

"Shika, wifi. Wewe si fundi?"

Binti yangu akanyoosha mkono. Vile vidole vyake vyepesi, vilivyoshika vichwa vya mtaa mzima, vikagusa lile kovu. Vikalifuata kutoka sikio moja kuelekea jingine. Niliona uso wake unabadilika. Muuguzi alitueleza kwa maneno, lakini mikono ya Malkia ilikuwa inajua yenyewe.

"Niambie sasa," alisema mkwe wangu, bado amempa mgongo. "Zitaota lini?"

Binti yangu aliondoa mkono, akavitazama vidole vyake.

"Niambie. Siku ile ulikuwa na majibu mengi."

"Hazitaota."

"Kwa nini?"

"Ulinieleza umejichubua, sikutazama. Ulinieleza inakuunguza, nikakucheka. Nilisikia vizuri, wifi. Nilisikia. Niliogopa watu waseme nimeshindwa." "Ngozi yako ilikuwa nzima. Ni mimi."

Mkwe wangu alifunga kitambaa chake polepole.

"Hilo ndilo nililokuwa nangoja," alisema. "Sasa nenda."

"Wifi, nisamehe."

"Nimesema nenda. Msamaha si nywele za bandia, nizibandike leo leo."

Tukatoka. Chupa ya mafuta haikutoka kwenye mkoba. Njiani binti yangu alikaa chini ukingoni mwa barabara, mchana kweupe, watu wanapita, akalia kama mtoto. Sikumnyamazisha.

Kesho yake alikwenda hospitali peke yake, akamngoja muuguzi wa ngozi mpaka amalize wagonjwa. Ninayoyajua ni yale aliyonisimulia mwenyewe.

"Mimi ndiye msusi niliyemuunguza yule mama," alimwambia. "Nimekuja kuuliza."

Muuguzi alimtazama. "Wengi wenu hamji. Uliza."

"Kufumua na kuweka dawa siku moja. Nilizoea kufanya hivyo."

"Ukifumua, ngozi inakuwa na michubuko hata usipoiona. Dawa ni kali, inaingia hapo hapo. Subiri wiki moja au mbili, asijikune. Ukiona kidonda au upele, usiweke kabisa mpaka pamepona. Na mtu mgeni kwa dawa hiyo, mjaribu kidogo kwanza, ukae uone. Ipo hatari hata akiwa si mgeni."

"Mafuta ya mgando?"

"Paka kwenye ngozi, masikioni na pembezoni mwa nywele kabla ya dawa. Yanapunguza. Hayazuii yote. Na dawa yenyewe ipake kwenye nywele, usiisugue kwenye ngozi."

"Na muda wa kwenye kopo?"

"Usiupite kamwe. Lakini mteja akisema inamuunguza, muda umekwisha, hata kama ndiyo kwanza umepaka. Mwoshe hapo hapo. Maji mengi ya kutiririka, safi, ya baridi kidogo, kwa muda mrefu, dakika ishirini au zaidi. Usimpake mafuta juu ya kidonda, yanafungia dawa ndani. Kisha mlete hapa siku ile ile, asingoje malengelenge."

"Siku ile ningemwosha mapema?"

Muuguzi hakumwonea huruma ya uongo. "Labda leo angekuwa na nywele."

Malkia alifunga saluni ya chumba cha mbele. Aliniambia hawezi kukaa mbele ya kioo kile. Akavuka barabara kwenda kwa Mama Maswali. Nilimtazama nikiwa dirishani, akasimama nje kwa muda kama mtu aliyesahau alichotumwa. Mwishowe akaingia. Yaliyofuata alinisimulia baadaye.

"Umekuja kunicheka?" aliuliza yule mama.

"Nimekuja kuomba kazi, mama. Hata ya kufagia nywele."

"Hapa tunauliza maswali mengi, binti yangu. Jina langu unalijua."

"Nalijua. Ni mimi niliyekupa. Nifundishe kuuliza."

Yule mama akamwonyesha fagio lilipo.

Siku hizi anasuka tena, pale pale kwa Mama Maswali, kwenye kiti cha kuazima. Kabla ya dawa anauliza, anatenganisha nywele, anatazama ngozi karibu na dirisha. Wateja wengine wanaona kero, wanaondoka. Anawaacha waende. Tangu aanze pale, hakuna kichwa kilichoungua mikononi mwake.

Mwanangu huja kunisalimia. Akimkuta dada yake, anaitikia salamu, basi. Mkwe wangu bado anatafuta kazi. Anafunga kitambaa hata akiwa ndani kwake peke yake. Malkia anakwenda kila baada ya muda, anabisha hodi. Siku nyingine mlango unafunguliwa. Siku nyingine unabaki umefungwa, naye anarudi bila kunung'unika.

Juzi nilikuwa pale saluni nikimsubiri. Mwanamke mmoja alikuwa amepakwa dawa. Mara akasema, "Dada, kama inawasha vile. Lakini acha tu, navumilia."

Malkia hakumaliza kusikia. Alishamshika mkono, akampeleka kwenye sinki, maji yanamwagika.

"Wewe! Zimenyooka nusu tu! Utaniacha nusu kondoo, nusu farasi?"

"Niwie radhi, dada yangu. Inama vizuri, bado naosha."

Wengine wakacheka. Malkia aliendelea kuosha. Mwanamke akanung'unika chini ya maji, "Msusi mzima muoga hivi! Nani kakufundisha?"

"Wifi yangu."

"Na yeye msusi?"

"Hapana," alisema binti yangu. Akaongeza maji.