Malkia wa Tovuti Mbovu

Walikutana kwenye foleni ya benki, watu tele. Mshonaji alikuwa mbele, gauni la njano limemkaa vilivyo, akigombana na simu.

"Tovuti yangu imekuwa nyeupe pe! Gauni hata moja halionekani!"

Kijana wa nyuma yake, shati limenyooka kwa pasi, akakohoa. "Samahani dada. Kuna kitu ulisasisha leo?"

"Nilibonyeza tu palipoandikwa sasisha."

"Basi kuna plagini, kiprogramu cha nyongeza, imegoma. Mimi ni fundi wa tovuti, lete nione."

Akaizima ile plagini, magauni yakarudi. Mshonaji akacheka hadi mlinzi akageuka. Akamkabidhi tovuti yote aiangalie. Haukupita muda, akamkabidhi na moyo.

Lakini tovuti haikutulia. Leo picha hazifunguki, kesho fomu ya oda haitumi.

"Mpenzi, imekufa tena."

"Usijali malkia wangu, nakuja."

Akija, inapona mara moja, naye anabaki kula. Kisha oda ya harusi kubwa ikapotelea kwenye fomu hiyohiyo, na bibi harusi akahamia kwa mshonaji mwingine. Kazi ikapungua. Mshonaji akamwondoa dukani mdogo wake, aliyekuwa akishona naye tangu mwanzo. Binti aliondoka bila kuaga. Dada mtu akalia kifuani kwa fundi, na fundi akambembeleza mpaka akanyamaza.

Siku ya kumposa, alikuja na pete, raha imemjaa hadi ikamponza.

"Nikwambie siri, malkia? Tovuti yako haikuwa mbovu. Nilikuwa naizima mwenyewe. Nikikukumbuka tu, nazima kitu, unanipigia."

Mshonaji aliacha kushona. "Hata fomu ya ile harusi?"

"Hata ile. Ningejua kama..."

"Hebu njoo," alisema kwa upole. "Nionyeshe namna ya kumwondoa mtu kwenye tovuti."

Fundi akainama begani kwake, bado anatabasamu. "Fungua watumiaji. Chagua jina, tuseme langu. Hapo, futa. Ukibonyeza hapo nitakuwa nimekwisha."

Akabonyeza.

"Umekwisha. Toka."

"Mpenzi, nilikuwa nakupenda!"

"Ulikuwa unapenda nikilia. Toka, na pete yako."

Barabarani fundi alimpigia simu mara tatu. Inatumika. Ndani, kati ya vitambaa, mshonaji alikuwa akimpigia mdogo wake, ikiita mpaka inakatika, naye anapiga tena.