Maji ya Tatu

Simu ya binti msafisha utumbo ilitumbukia kwenye ndoo yake ya kazi asubuhi, na kufika adhuhuri karibu mafundi wote wa ukumbi wa kutengenezea simu walikuwa wameikataa.

"Dada, ipeleke mbali, ndio kwanza nimetoka kula," mmoja alimwambia, kiganja puani.

Ukumbi ulijaa watu bega kwa bega, lakini kila alipopita yule msafisha utumbo, njia ilifunguka yenyewe. Alikuwa amevua aproni na mabuti, akavaa gauni la njano na hereni ndefu. Lakini harufu haivuliwi. Kwenye meza ya mwisho alikaa kijana mwenye fulana nyeusi iliyopauka, masikio yamefunikwa na hedifoni kubwa. Aliipokea simu, akaifungua, akaanza kuisugua kwa mswaki. Hakuziba pua.

"Husikii harufu?"

"Naisikia. Dada yangu, nimeshatengeneza simu zilizotoka chooni. Hii angalau ilitoka kwenye chakula."

Binti akacheka bila kutaka. Ndipo akasikia kilichokuwa kikivuja kwenye zile hedifoni.

"Huyo anayechinjwa humo ndani ni nani?"

Fundi akamvisha. Magitaa yalivuma kama upepo mlangoni, ngoma zikakimbia, kisha mtu akapiga ukelele wa koo lililochubuka, kama anayetapika misumari. Akazivua upesi.

"Pu! Uchafu gani huu?"

"Ni muziki, unaitwa metali nyeusi. Lakini albamu hii ni ya taratibu, ina ukungu na mvua ndani yake. Ungesubiri."

"Nisubiri nini, atapike tena?"

Mapenzi yao yalianzia hapo. Simu iliyopona ndiyo iliyowaunganisha.

"Umekula, mpenzi?"

"Nimekula. Bado unasikiliza maiti wako?"

"Na wewe bado unaosha matumbo ya watu?"

"Ya ng'ombe, mjinga wewe!"

Siku moja fundi alimfuata kazini, nyuma ya bucha, akamkuta ameinama juu ya karai. Maji ya kwanza yalitoka ya kijani, yana kinyesi na nzi. Ya pili yalitoka ya kijivu. Ya tatu yakatoka meupe.

"Wateja wakichungulia kwenye maji ya kwanza wanatema mate na kuondoka," alimwambia, mikono imezama hadi viwikoni. "Basi supu hawaijui."

Kisha mama wa binti akafa. Mapafu ndiyo yaliyomwua. Binti alikuwa amelala kando yake muda mrefu, akisikiliza ile pumzi ikikwaruza. Msibani shangazi alimbana bega. "Jikaze, mwanangu. Wageni wanakutazama." Akajikaza. Kila aliyeingia alimwambia vilevile, na macho yake yakabaki makavu kama jiwe.

Fundi alikuja na shati jeupe lililonyooshwa. Akamwekea mkononi hedifoni zake na memori kadi.

"Sina maneno, kipenzi. Sikiliza yote."

Binti aliingia chumbani kwa mama, akaichomeka kadi kwenye simu. Upepo ukavuma, kisha ule ukelele ukaja, ukikwaruza na kuvuta pumzi. Ilikuwa pumzi ya mama yake hasa. Akazing'oa masikioni. Akatoka, na mbele ya shangazi akamtupia fundi hedifoni kifuani.

"Umeniletea mama yangu akikata roho?"

"Hapana, mpenzi, ungesubiri—"

"Toka! Unanitia kinyaa."

Neno hilo alikuwa ameambiwa yeye maisha yake yote. Hakuwahi kumwambia mtu.

Fundi akaondoka. Alipopiga simu, haikupokelewa. Kadi ilibaki ndani ya simu ya binti.

Aliporudi kazini, mteja mmoja alichungulia karai, akatema mate. "Watu wanakulaje takataka hii?"

"Subiri maji ya tatu, mama," alijibu kwa mazoea.

Mkono wake ukasimama ndani ya maji.

Aliiweka simu dirishani, akaifungulia sauti. Ukelele ukatoka. Wakata nyama wakaziba masikio. Yeye akaegemea ukuta, akatapika kweli, akajifuta mdomo kwa bega. Hakuuzima. Ukelele uliendelea, mbaya vilevile, ila nyuma yake gitaa moja jembamba lilikuwa likirudia wimbo uleule, kama mtu anayembembeleza mtoto mgonjwa. Taratibu likaufunika. Halafu ikaja mvua juu ya mabati, mvua ndefu, na ndani yake hakuna aliyemwambia mtu ajikaze.

Akalia kwa sauti, makamasi yakimtiririka.

"Dada," mwenye bucha alisema kwa upole, "geukia huku, yasiingie kwenye nyama."

Binti akampigia fundi simu.

"Nimefika kwenye mvua," alisema.

Fundi akauliza, "Umefika?"

"Huyo mtu bado ananichefua. Aende akatibiwe koo."

"Nitamwambia."

"Nilikuambia unanitia kinyaa. Nisamehe." Akavuta kamasi. "Wewe ulimzika nani?"

"Kaka yangu. Na mimi niliambiwa nijikaze."

"Njoo basi. Ila sijanawa."

Alikuja na fulana yake iliyopauka. Binti akaficha mikono nyuma. Fundi akaizungukia, akaishika, ya kijani hivyohivyo, yenye uvundo wa maji ya kwanza.

"Nataka kuja nyumbani kwenu rasmi," alisema.

"Shangazi anasema mwanamume mwenye kelele zile si wa kuoa."

"Tutamkalisha chini, asikilize yote hadi mvua."

"Atatapika."

"Ndoo si ipo?"