Safu Iliyokula Dirisha

Asubuhi ile jirani yetu, msanifu majengo, alikuwa mezani kwake akikata watu kwa wembe. Watu wa kadibodi, warefu kama ukucha, wasio na macho wala midomo. Ndivyo alivyozoea: akimaliza mfano wa jengo huwapanga ndani ili wateja waone ukubwa wa vitu. Safari hii lilikuwa jengo la michezo la chuo, uwanja katikati, majukwaa pande zote, na chini ya majukwaa vyumba vya wanafunzi.

Mdogo wake, kitindamimba wa kwao aliyekuwa akisoma chuoni hapo, aliinama kuchungulia.

"Hiki cha pembeni mbona hakina dirisha, dada?"

"Nimeliondoa nipate safu moja zaidi ya viti. Chuo kinataka viti."

"Atakayelala humu atakoma."

"Basi utalala wewe," akasema, akicheka. Akachukua mtu mmoja, akampaka gundi miguuni, akamsimamisha chumbani mle na kumfunika kwa jukwaa.

Jengo likasimama, likasifiwa. Vyumba vikagawanywa kwa kura. Kijana akaangukia kile cha pembeni, na wote wawili wakacheka tena.

Mchana mmoja akampigia simu.

"Dada, leo kuna mechi?"

"Hakuna. Vipi?"

"Wanakanyaga juu yangu. Wote kwa pamoja. Halafu wanatulia."

"Ni zege na jua, bwana mdogo. Hata nyumba hulalamika."

Siku chache baadaye alipiga tena, akinong'ona.

"Nimetoka kuangalia. Viti vitupu. Nikirudi ndani, wanaanza. Niombee chumba kingine, dada. Wewe watakusikiliza."

Msanifu aliitazama kalenda ukutani. Jengo lilikuwa likishindania tuzo, na majaji walikuwa njiani. Kuomba kijana ahamishwe ni kukiri kwa kinywa chake kwamba chumba kile hakikumfaa binadamu. Nani kati yetu asingesitasita?

"Vumilia mpaka majaji waondoke."

"Dari imeshuka."

"Dari haishuki. Nimeichora mimi."

Akakata simu.

Majaji walikuja, wakapiga picha, wakaondoka. Tuzo akapata. Akaenda nayo chuoni kumwonyesha mdogo wake. Alibisha hodi. Kimya. Mlango ulikuwa na komeo kwa ndani.

Akaita walinzi, wakauvunja.

Kitanda kimetandikwa. Simu iko kwenye chaji. Viatu viko sakafuni, sambamba, na ndani ya viatu mna soksi zilizosimama wima, kana kwamba bado zimevaliwa.

Njia nyingine ya kutokea haikuwepo. Hilo alilijua kuliko yeyote.

Alirudi ofisini akikimbia. Mfano ulikuwa ndani ya sanduku la kioo, kufuli mahali pake. Watazamaji wake wa kadibodi aliwabandika majukwaani wakitazama uwanja. Sasa wote walikuwa wameupa uwanja kisogo. Walikuwa wameinamia pembe moja.

Akavunja kioo. Akalibandua jukwaa.

Chumba kitupu. Sakafuni, juu ya gundi, imebaki miguu miwili iliyokatikia vifundoni. Upande wa chini wa jukwaa kulikuwa na mikwaruzo, myembamba, mingi.

Akaligeuza jukwaa polepole.

Katika ile safu iliyokula dirisha, katikati ya watazamaji, alikaa mmoja asiye na miguu. Wenzake hawana midomo.

Yeye anao. Umeachama.