Nusu ya Mkanda wa Emlyn

Kila Jumatano baada ya shule, Nerys Pugh alifuatana na mama yake kwenda kufanya usafi katika kanisa la mtaani kwao, pale Blaenau Ffestiniog, mji wa machimbo ya mawe huko Wales. Mama alianza na viti vya kanisani. Nerys, aliyekuwa na miaka kumi na miwili, alipewa chumba cha nyuma. Mvua ilikuwa ikinyesha kama kawaida ya mji ule, na paa la mawe lililia ta-ta-ta bila kupumzika.

Chumba cha nyuma ndicho alichokipenda. Humo kikundi cha Mzee Idwal Rees kilikutana kila Jumamosi kutafuta na kutengeneza vipindi vya zamani vya redio. Rafu zilijaa mikanda ya sauti iliyozungushwa kwenye magurudumu mapana kama sahani. Mingine ilitoka darini kwa watu, mingine kwenye mabanda ya kuku, na mmoja uliwahi kuokotwa bustanini ukitumika kufungia miche ya nyanya. Mzee Idwal, aliyekuwa fundi mitambo wa redio tangu ujana wake, alimweleza Nerys kwamba zamani mkanda ulikuwa kitu cha thamani. Kipindi kikisharushwa hewani, kilifutwa ili mkanda utumike tena. Ndivyo sauti nyingi zilivyopotea.

Kikundi kilikuwa na sheria mbili, nazo zilibandikwa mlangoni. Mkanda usiitwe mtupu mpaka umesikilizwa wote, mwanzo hadi mwisho. Na chochote kinachofanyiwa mkanda kiandikwe kwenye karatasi inayokaa ndani ya boksi lake: tarehe, mashine iliyotumika, na jina la aliyefanya. Nerys alizijua sheria hizo kwa kichwa. Mzee Idwal alikuwa amekwisha kumfundisha kutumia kile kinasa sauti kidogo cha kijivu, cha aina iliyokuwa ikinunuliwa na watu majumbani. Mashine kubwa iliyotoka kituo cha redio ilikuwa imefunikwa shuka tangu majira ya baridi, mota yake imeungua.

Jumatano hiyo Nerys alikuwa na donge moyoni. Shule yao ilijiandaa kwa eisteddfod, siku ambayo watoto hushindana kuimba na kukariri mashairi. Rafiki yake Lowri alikuwa amemsikiliza asubuhi, kisha akamwambia mbele ya wenzao kwamba anakariri kama mtu anayesoma bei za dukani. Darasa zima lilicheka. Nerys naye alicheka, lakini hadi jioni bado alikuwa akikisikia kile kicheko.

Akiwa anafuta vumbi aliona boksi jipya juu ya meza. Lilikuwa limeletwa kutoka nyumba ya mtangazaji mmoja aliyefariki, na kifuniko chake kilikuwa kimeliwa na unyevu hata maandishi hayakusomeka. Nerys alitoa mkanda wa juu, akaupachika kwenye kile kinasa sauti cha kijivu, akasikiliza. Shhhh. Dakika moja ikapita, shhhh ile ile. Alitazama saa ya ukutani. Mama angemaliza muda si mrefu.

"Mtupu huu," alijiambia.

Akachomeka maikrofoni, akabonyeza kitufe chekundu, akakariri shairi lake. Alijisikiliza, akajirekebisha, akarudia. Mara tano alirudia, mpaka mkanda wote wa dakika kumi na tano ukaisha. Kwa kweli mara ya tano ilikuwa nzuri, hata Lowri asingepata la kusema.

Alipokuwa akiurudisha mkanda ndipo alipoona karatasi iliyokunjwa chini kabisa ya boksi. Aliifungua. Wino ulikuwa umefifia, ila ulisomeka: *Watoto wa Machimbo. Machi 1962. Emlyn Prys, miaka tisa, wimbo mmoja.*

Nerys aliisoma mara mbili. Alisikia ndoo ya mama ikiburutwa kule kanisani. Kama angemwita wakati ule, mambo yangekuwa mengine. Badala yake aliwaza kwamba Jumamosi Mzee Idwal angesikia sauti yake mle ndani na kumjua. Basi akachomoa maikrofoni, akabonyeza tena kitufe chekundu, akauacha mkanda uzunguke bila sauti yoyote mpaka mwisho, huku yeye akifagia pale pale palipokwisha kufagiliwa. Akaurudisha kwenye boksi, akaikunja karatasi kama alivyoikuta. Hakuandika kitu.

Jumamosi, wanakikundi wengine walipokwisha kuondoka na Nerys akiwa amebaki kusaidia, Mzee Idwal aliifungua ile karatasi, akaketi. Alimwambia Nerys kwamba Emlyn Prys alikuwa mdogo wake Bi Morfudd, yule mama mzee wa nyumba ya mwisho karibu na kituo cha treni. Emlyn alifariki kwa homa ya uti wa mgongo hata hajafikisha miaka kumi na moja. Katika kikundi chao usikilizaji wa kwanza ni wa mwenye sauti au jamaa zake, kwa hiyo Mzee Idwal hakuugusa mkanda. Alipiga simu kwanza.

Nerys alikuwa na dakika ishirini za kusema kabla Bi Morfudd hajafika. Alipanga vikombe. Alikata mkate wa zabibu vipande ambavyo havikulingana. Mara mbili alifungua mdomo, na mara mbili Mzee Idwal alikuwa amemgeukia akitabasamu, hata maneno yakarudi yalikotoka.

Bi Morfudd aliingia amevaa kofia ya kwenda kanisani, matone ya mvua yakimtiririka mabegani. Alikataa chai. Alieleza kwa sauti ya chini kwamba siku wimbo ule uliporushwa yeye alikuwa na miaka kumi na tisa, muuguzi hospitalini Liverpool, na alikuwa zamuni. Mama yao aliusikia, majirani waliusikia, hata watu wa machimboni waliacha kazi wakausikiliza. Yeye peke yake hakuusikia. Aliporudi likizo, Emlyn aligoma kumwimbia. Alimwambia atamwimbia Krismasi.

"Kakorofi kweli kweli," alisema Bi Morfudd. "Krismasi yenyewe akashikwa na mafua. Basi, mpaka leo bado namngoja aniimbie."

Mzee Idwal aliuwasha mkanda kwenye kinasa sauti cha kijivu. Shhhh. Walikaa wote watatu wakiitazama ile duara ikizunguka. Dakika tatu. Saba. Bi Morfudd alikuwa ameinamisha kichwa upande kama mtu anayesikiliza mlangoni. Kumi. Ya kumi na tano mkanda uliisha, ncha yake ikawa inachapa mashine, pa, pa, pa, mpaka Mzee Idwal akaizima.

"Ulifutwa kituoni," alisema, bila kumtazama usoni. "Karatasi wakaisahau ndani. Mikono hii imefuta maelfu kama huo, Morfudd. Nisamehe."

Bi Morfudd alimpigapiga mkono. Alisema si kitu, yeye amezoea kungoja, na sasa angeomba ile chai. Lakini kikombe kilipofika hakukinywa. Alikishika tu kwa mikono miwili.

Mzee Idwal akauchukua mkanda na kuuweka juu ya mingine iliyokuwa kando ya sumaku ya kufutia. Hicho kilikuwa chuma kizito kama pasi, chenye waya wa umeme. Mkanda ukipitishwa juu yake, hausazi hata pumzi. Kila Jumamosi, kabla ya kuondoka, mikanda mitupu ilipitishwa pale ili itumike kwa majaribio. Mzee alichomeka waya. Sumaku ikaanza kunguruma.

Nerys alitazama ule mkono wa mzee ukinyoosha vidole kuuchukua mkanda wa juu.

"Mzee Idwal, usiupitishe huo," alisema. "Haukufutwa kituoni. Nimeufuta mimi."

Mkono ukabaki hewani. Nerys akasimulia yote akitazama viatu vyake: kicheko cha darasani, dakika moja aliyosikiliza, shairi mara tano, karatasi, na jinsi alivyofuta tena kuficha sauti yake. Sehemu hiyo ya mwisho aliisema kwa kunong'ona. Bi Morfudd aliweka kikombe mezani. Uso wake ulikuwa mweupe.

Mzee Idwal alizima sumaku. Nerys alidhani sasa atafukuzwa. Lakini yule mzee alikuwa amekunja uso kwa namna nyingine, ile ya mtu anayepiga hesabu.

"Ulitumia mashine gani?"

"Hiyo ya kijivu."

"Mara zote mbili? Na mkanda ulikuwa umekaa upande huu huu, hukuugeuza?"

"Sikuugeuza."

Mzee Idwal alivuta kiti, akauchukua ule mkanda na kuwaonyesha. Ulikuwa mwembamba kama utepe wa nywele. Akaweka ukucha wake katikati ya upana wake. Mashine kubwa ya kituoni, alieleza, iliandika sauti ikajaza upana wote. Mashine ndogo za nyumbani ziliandika nusu ya juu peke yake, ili mtu aweze kuugeuza mkanda na kutumia nusu ya pili. Sumaku ya kituoni ingefuta kila kitu. Mashine ya kijivu inafuta nusu yake tu, na inasikia nusu hiyo hiyo.

"Nilipousikiliza sasa hivi, nilisikiliza nusu uliyoifuta wewe," alisema. "Nusu ya chini hakuna aliyeigusa."

Aliugeuza mkanda, akauwasha. Ikatoka sauti ya ajabu, maneno yakimezwa badala ya kutamkwa, kama mtu anayeongea huku akivuta hewa. Bi Morfudd alishtuka. Mzee alimtuliza: mkanda umegeuzwa, kwa hiyo unasoma kinyumenyume, na kompyuta itaunyoosha. Aliunganisha waya, wakangoja dakika kumi na tano nzima wimbo uingie wote. Hakuna aliyegusa mkate. Kisha akabonyeza.

Kulikuwa na shhhh nyingi, halafu kikohozi kidogo. Kisha sauti ya mtoto ikauliza, "Nianze sasa?"

"Ni yeye," alisema Bi Morfudd. "Hicho kikohozi ni chake."

Emlyn aliimba. Sauti ilikuwa nyembamba, ya mbali, na katika ubeti wa pili alipandisha juu mno akateleza, akarudi bila kuona haya. Bi Morfudd alicheka pale, machozi yakimfika kidevuni. Wimbo ulipokwisha aliomba urudiwe, na uliporudiwa alivua kofia yake akaiweka mapajani.

Baadaye alimwita Nerys akaketi karibu naye. Alimwambia kwamba amemuumiza, na kwamba asingependa kusema uongo kuhusu hilo. Kisha akamshika mkono, wala hakuuachia.

Mzee Idwal alikuwa akizungusha waya wa sumaku polepole.

"Nikiwa kijana niliwahi kufuta mkanda usiopaswa kufutwa," alisema. "Bibi mmoja wa shambani akisimulia hadithi. Nikanyamaza. Miaka ikapita, nikaja kusikia kwamba jirani yake alikuwa amekirekodi kipindi kile nyumbani, akakitunza miezi kadhaa, halafu akakifuta. Tungemwomba, angetupa. Lakini nani angeomba, na hakuna aliyejua kwamba kimepotea? Kosa lako lilikuwa limefuta nusu, mjukuu wangu. Ukimya wako ndio uliokuwa unakwenda kufuta nusu iliyobaki. Kosa likisemwa mapema, watu hupata pa kuanzia."

Alimsogezea ile karatasi ya zamani na kalamu. Nerys alifikiri sana, kisha chini ya wino uliofifia akaandika kwa herufi safi: *Nusu ya juu ilifutwa Jumatano na Nerys Pugh, kwa mashine ya kijivu, kwa sababu hakusikiliza mpaka mwisho. Nusu ya chini ni nzima.*

Bi Morfudd aliisoma, akaikunja, akairudisha yeye mwenyewe ndani ya boksi. Kisha akauliza kama kuna mtu angemtilia chai ya moto, kwa sababu ile ya kwanza ilikuwa imepoa.