Suruali Iliyopunguzwa Mapema

Mama Pacha alikuwa fundi cherehani. Cherehani yake ilikaa sebuleni, karibu na dirisha, na kutoka hapo aliiona barabara yote mpaka kona. Siku zile hakuwa akishona sawasawa. Mguu ulikuwa kwenye pedali lakini macho yalikuwa nje. Alikuwa akimsubiri mumewe arudi kutoka kukimbia, na akichelewa kidogo tu, roho yake ilikuwa juu juu.

Baba Pacha alikuwa mpaka rangi. Alishinda juu ya ngazi, akipaka kuta za ghorofa. Alikuwa na kisukari, na kliniki walimpa vidonge vya kushusha sukari. Walimwambia pia apunguze kitambi. Hilo la kitambi ndilo lililoleta mambo.

Kazini alikuwa na mwenzake mwembamba, waliyemwita Kamba. Kamba alimwambia, "Kaka, siri ni moja. Kimbia ukiwa na njaa. Tumbo likiwa tupu, mwili unayala mafuta yake wenyewe."

Baba Pacha alirudi nyumbani na habari hizo akiwa mtu mpya. Mkewe alicheka. Kwa utani tu, aliichukua suruali ya kazi ya mumewe akaipunguza kiuno, tena kwa mshono imara.

"Haya, bwana," alisema. "Hii utaivaa ukikonda. Kwa sasa nenda na ile kuukuu yenye tundu gotini."

Yeye alitania. Mumewe aliona amewekewa shindano.

Basi akaanza kukimbia kila alfajiri. Akitoka huko, chai haigusi mpaka saa nne, eti mafuta bado yanaungua. Kisha anaijaribu suruali. Kifungo na tundu lake vilitazamana kwa mbali.

Mama Pacha alianza kuona mambo yasiyompendeza. Mumewe alirudi akitetemeka mikono. Alifoka kwa vitu vidogo, yeye ambaye hakuwa na hasira.

"Mbona unatetemeka?" alimuuliza.

"Baridi tu."

"Na jasho hilo nalo ni la baridi?"

"Mama Pacha, niache nikonde kwa amani."

Akarudi kwenye cherehani, lakini moyo haukutulia. Kila akiifikiria ile ngazi, mshono ulikwenda kombo.

Asubuhi moja Baba Pacha alimeza kidonge chake, akatoka. Kliniki walisema kimezwe kabla tu ya chakula. Alikimeza kabla ya chakula kweli. Chakula chenyewe ndicho kilichokuwa hakiji.

Siku hiyo alichelewa. Watoto walikwisha kwenda shule. Mwishowe Mama Pacha akamwona anatokea kwenye kona, akashusha pumzi. Lakini Baba Pacha aliupita mlango wake. Alisimama kwenye mlango wa jirani, akatoa ufunguo, akawa anahangaika kuufungua.

Mama Pacha aliacha kitambaa kwenye sindano akatoka mbio.

"Baba Pacha! Hapa si kwetu."

Alimtazama kama hamjui. Shati lilikuwa limelowa chapachapa. Maneno yalimtoka kwa shida, kama ya mlevi.

Mlango ukafunguliwa. Jirani yao alikuwa nesi, na bado alikuwa na nguo za kulalia.

"Amekula?" nesi aliuliza.

"Bado."

"Dawa ya sukari amemeza?"

"Amemeza, kisha akaenda kukimbia."

"Sukari yake imeshuka sana. Mkalishe chini."

Nesi aliingia ndani akarudi na maji yaliyokorogwa sukari nyingi. "Shemeji, unanisikia? Kunywa. Polepole, meza."

Akameza. Mama Pacha alimshika kichwa. Aliogopa kuliko alivyowahi kuogopa. Muda ulipita, wakampa maji mengine. Taratibu macho ya Baba Pacha yakarudi.

"Nimefikaje hapa?" aliuliza.

Nesi alimpa mkate na yai, akangoja amalize.

"Bahati yako uliweza kumeza," alisema. "Mtu akizimia hatiwi kitu kinywani. Anakimbizwa hospitali."

"Lakini Kamba anafanya hivi kila siku."

"Kamba hana kisukari, wala hamezi dawa yako. Mtu mwenye afya akitembea kabla ya chai, mara nyingi hadhuriki. Dawa yako inashusha sukari, mbio nazo zinashusha, na tumboni hakuna kitu. Ungekuwa juu ya ngazi je?"

Mama Pacha alimshika mumewe mkono.

"Tena kitambi hakiangalii saa," nesi aliendelea. "Kinapungua ukila kidogo kuliko mwili unavyotumia, na ukifanya mazoezi bila kuacha, mwezi baada ya mwezi. Ukishinda na njaa asubuhi yote, mchana unakula kiasi gani?"

Baba Pacha aliinamisha uso. Mama Pacha alizijua sahani zile za mchana, zilivyojaa mpaka pomoni.

"Basi niache dawa?"

"Hapana. Usiiache wala usiipunguze mwenyewe. Nendeni kliniki leo, wakupangie dawa, chakula na mazoezi viende pamoja."

"Leo nina ukuta wa ghorofa ya pili."

"Leo hupandi ngazi," alisema Mama Pacha, na sauti yake haikuacha nafasi ya ubishi.

Kliniki walimpangia upya. Akimeza dawa, anakula papo hapo. Mazoezi ni kutembea kwa kasi, baada ya kula. Sahani ipungue wanga, iongezeke mboga, na soda aziache. Mfukoni asikose peremende, akihisi kutetemeka aile mara moja.

Jioni Mama Pacha aliufumua ule mshono.

"Nilikuwa nakutania tu, baba," alisema. Machozi yalimlengalenga.

"Najua. Mimi ndiye niliyekazana kama naoa upya."

Mama Pacha alicheka huku analia. Akaongeza mfuko mdogo wa peremende kiunoni.

Miezi ilipita. Siku moja Baba Pacha alisimama mbele ya cherehani, ameishika suruali kwa mkono.

"Inanishuka," alisema. "Jana nilipaka rangi kwa mkono mmoja, mwingine umeshika kiuno."

"Na ngazi uliishika na nini?"

"Ndiyo maana niliteremka."

Mama Pacha alichukua futi yake ya kupimia. Kabla ya kumzungushia, alimtazama usoni.

"Umekula?"

"Nimekula."

Safari hii alimpima kwanza, ndipo akashona.