Mlango Ambao Sikuugonga

Siku zangu za shule zilifanana. Basi lilinishusha kwenye kona saa tisa na nusu alasiri, nikapanda ngazi mbilimbili hadi ghorofa ya tatu, nikatoa ufunguo niliouvaa shingoni, nikapasha maharage moto na kumwashia mdogo wangu Enoki televisheni. Mama alikuwa ameshaondoka kwenda kazini, kwenye nyumba ya kutunzia wazee. Mimi kukaa kitako sijui. Mama husema nilizaliwa na haraka ya kwenda mahali, na mahali penyewe hapajulikani mpaka leo.

Nilikuwa na miaka kumi na miwili, mwaka 2015, na Buffalo, mji wetu huku Marekani, ilikuwa na baridi ya kukausha masikio. Mwalimu wetu, Bi Nowak, alituonyesha kwenye ramani kijiji kimoja kaskazini kabisa mwa dunia. Huko jua halichomozi kwa wiki nyingi, barabara hakuna, na ndege hutua mara moja kwa juma ikiwa hali ya hewa inaruhusu.

"Tufani ikija, nani atamfikia nani?" alituuliza. "Umeme ukikatika, watu watakusanyika wapi? Dawa zitakaa wapi zisigande? Pangeni."

Niliipenda kazi ile jamani! Nilichora jengo la kukusanyikia, jenereta mbili na kiwanja cha helikopta. Niliandika kwa herufi kubwa: DAWA ZISIKAE KARIBU NA DIRISHA, NYINGINE ZIKIGANDA ZINAHARIBIKA. Nilijiona injinia kamili.

Lakini Bi Nowak aliongeza sehemu ya pili. "Kijijini huko hatuwezi kwenda. Kwa hiyo kila mmoja apite milango kumi ya jengo lake. Aulize nani mgonjwa, nani ana simu, nani anaishi peke yake."

Milango kumi! Asiyetujua sisi Wakongo atadhani ni kazi ya nusu saa. Kwetu mtu haulizwi swali akiwa mlangoni. Unaingia, unavua viatu, unaketi, unaletewa chai, unaulizwa habari za mama, za Enoki, za shangazi aliyebaki kambi ya wakimbizi. Ukikurupuka na "Je, una ugonjwa gani?" utaambiwa hukufundwa. Kwa Mama Généreuse peke yake nilikaa dakika arobaini. Siku tatu zikapita na nilikuwa nimemaliza milango mitatu tu, na miguu inaniwasha.

Siku ya nne nilichukua kalamu nikaijaza milango saba iliyobaki kutoka kichwani mwangu. "Namba 9: Bibi Mukabutera. Hana ugonjwa. Ana simu. Anaishi na mjukuu wake Salomon, ambaye anamtunza." Salomon si nilimwona juzijuzi akipanda ngazi? Juzijuzi yenyewe ilikuwa kabla ya Krismasi, lakini sikujali. Dakika kumi tu, kazi ikaisha.

Nilipata alama za juu kuliko darasa zima. Balaa lilianzia hapo, maana mama hakuweza kunyamaza. Alimsimulia Papa Donati, mzee anayeshika funguo za jengo letu, ambaye Wakongo wote pale humsikiliza. Jioni ileile akaja kugonga kwetu.

"Sandrine, mtoto wangu, hii ni akili," alisema huku akiisoma orodha yangu ya milango. "Bon, vizuri, nitaibandika chini. Theluji kubwa ikija, tutajua pa kuanzia."

Akaibandika karibu na masanduku ya barua. Tangu siku ile kila nilipopita pale niligeuza uso. Mara mbili nilitaka kumwambia mama ukweli, na mara mbili nikaona haya nikanyamaza.

Wiki mbili baadaye theluji ikaanguka siku mbili mfululizo. Shule zilifungwa, magari yakapigwa marufuku barabarani, na mama akakwama kazini. Alipiga simu akasema mimi na Enoki tulale kwa Mama Généreuse. Nilimjibu kwa Kiingereza, kama ilivyo kawaida yetu watoto, kwamba asiwe na wasiwasi.

Siku ya tatu asubuhi Papa Donati aliwakusanya vijana na akina baba chini ya ngazi, kama alivyofanya siku mbili zilizotangulia. Mara hii nami nilisimama juu nikichungulia. Alikuwa ameishika karatasi yangu.

"Namba nne ana pumu, Hyacinthe umwangalie. Namba sita yuko na mtoto mchanga, mpelekeeni maziwa. Namba tisa, Bibi Mukabutera, mzima, yuko na mjukuu. Huyo tumruke tena."

Nikarudi kwa Mama Généreuse, nikaketi, nikasimama, nikaenda dirishani, nikarudi, nikaketi tena.

"We mtoto, tulia basi!" alisema Mama Généreuse. "Unanizungusha kichwa."

"Mama Généreuse, Salomon yuko?"

"Salomon wa Bibi Mukabutera? Huyo alihamia mji wa Columbus tangu Krismasi, alipata kazi ya bohari. Kwani iko nini?"

Nilishuka ngazi mbio hata nikakosa moja na kuangukia goti.

"Papa Donati!" nilipiga kelele mbele ya watu wote. "Namba tisa ni uongo! Sikugonga. Salomon hayupo, Bibi yuko peke yake. Na wengine sita pia niliwabuni."

Nilikuwa nalia kwa aibu na kwa hofu. Papa Donati hakunikaripia, akauliza tu, "Namba zipi?" Nikamtajia. Akawaambia wenzake wazigonge zote, kisha akanishika mkono. "Wewe, twende."

Tuligonga namba tisa, kimya. Tukagonga tena. Papa Donati akafungua kwa ufunguo wake.

Bibi Mukabutera alikuwa amelala kwenye kochi na koti lake mwilini. Midomo ilikuwa imemkauka na alihema kama mtu aliyetoka kukimbia. "Maji," alisema. Papa Donati alipomuuliza anaumwa nini, alinyoosha kidole dirishani. Nje, kwenye mfuko wa plastiki ulioning'inia, kulikuwa na vichupa vya insulini vilivyoganda vikawa vigumu kama mawe.

Friji yake ilikufa siku theluji ilipoanza. Simu aliondoka nayo Salomon, na yeye hakutaka kumsumbua mtu, akaona nje kuna baridi ya bure. Aliyeyusha kichupa kwa viganja vyake na kujidunga, bila kujua kwamba dawa ile ya sukari ikishaganda haifai tena. Mimi nilijua! Niliiandika kwa herufi kubwa kwa ajili ya kijiji ambacho huenda nisikione maishani, na bibi wa korido yetu sikumwambia.

Nilipiga 911, namba ya dharura. Waliniambia gari la wagonjwa litafika barabara kubwa, ila mtaani kwetu haliwezi kuingia. Basi watu wakatoka na makoleo, na waliokosa makoleo wakatoka na masufuria. Wakachimba njia karibu saa nzima. Bibi tulimfunga kwa mablanketi matatu, vijana wanne wakambeba juu ya kiti, nami nikakimbia kando nikiwa nimeshika vile vichupa ili madaktari wavione. Baadaye walimwambia Papa Donati kwamba angechelewa mpaka jioni, asingepona.

Alikaa hospitali siku tano, akarudi kwa miguu yake. Nilikwenda kumwomba radhi, naye alinisamehe haraka mno hata nikazidi kulia. Bi Nowak nilimweleza mwenyewe. Alifuta alama zangu akaniambia nianze upya.

Siku hiyo nilimkuta Papa Donati akiibandua ile karatasi ukutani.

"Papa, si afadhali kidogo kwamba nilijaribu?" nilimuuliza. "Milango mitatu niliuliza kweli."

Aliikunja karatasi polepole. "Sandrine, mwaka jana theluji ilipoanguka hatukuwa na karatasi yoyote. Kwa kuwa hatukujua nani mgonjwa, tuligonga milango yote. Mwaka huu usingeandika kitu, siku ya kwanza asubuhi ningekuwa mlangoni kwa Bibi. Ni karatasi yako iliyonifanya nimruke."

Nikaitazama ile karatasi mkononi mwake.

"Kutojua si kosa," aliendelea, na sauti yake ilikuwa ya upole. "Pale usipojua, acha wazi. Mwenzako akiona pako wazi, atakwenda kuangalia. Akikuta uongo, atakuamini, naye atakaa nyumbani."

Akanipa karatasi nyingine, nyeupe. Niliketi palepale kwenye ngazi nikaandika namba moja mpaka kumi, na mbele ya kila namba nikaacha wazi. Kisha nikaenda kugonga.